Masika ya Kupima Damu

3 Machi

Daftari hili tumepewa leo kliniki ya hospitali. Aliyetupa ni binti mmoja wa kupima damu, mimi namwita Mpima, mwembamba kama kalamu lakini amri zake za kamanda. Kasema, "Babu, uandike humu kila anachokula bibi, dawa amekunywa saa ngapi, na kila kinachotokea. Jumanne mkija mje nalo."

Binti yangu akadakia, "Nitaandika mimi, Baba mkono wake mzito."

Nikamwambia huu mkono mzito ndio uliokulea. Nimesoma mpaka darasa la tatu na nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Naandika mimi.

Mgonjwa ni Bi Mkubwa, mke wangu wa miaka arobaini na sita. Alilazwa siku tisa. Mguu wa kushoto ulivimba kuanzia goti kushuka chini, ukawa wa moto, ngozi inang'aa. Daktari kasema damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande kikikatika kikapanda mapafuni anaweza kuzimika hata akiwa katikati ya maneno. Kasema hivyo hivyo, mbele yake.

Bi Mkubwa akajibu, "Basi ngoja ninyamaze."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka.

Amepewa vidonge vya kuchelewesha damu kuganda, kila jioni. Kila wiki anatobolewa kidole, mashine inatoa namba. Inatakiwa iwe kati ya mbili na tatu. Chini ya mbili damu ina haraka ya kuganda, juu ya tatu inachelewa mno, anaweza kuvuja damu isizuilike. Leo ni mbili na nukta moja.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja pale pale.

Nataka niandike jambo moja. Hakuna mtu wa kunifundisha mimi habari za damu. Nimekaa machinjioni miaka thelathini na nane. Nilianza na kazi ya kukoroga. Ng'ombe akichinjwa damu inakingwa kwenye pipa, kiwanda cha chakula cha kuku kinakuja kuichukua, na lazima ikorogwe ingali ya moto, la sivyo inakuwa donge zima, hata kuimwaga huwezi. Unakoroga na fimbo, na nyuzi zinajizonga kwenye fimbo, zinateleza, ukiziosha ni nyeupe. Ukishazitoa, damu iliyobaki haigandi tena. Wenzangu walikuwa wanakoroga pipa moja wanaomba kupumzika. Mimi mapipa manne, na wimbo juu. Mpaka leo sokoni wananiita Mzee Mapipa.

7 Machi

Kipimo mbili na nukta mbili. Mpima kafurahi kama kaolewa. Mimi namwangalia Bi Mkubwa. Midomo imepauka. Kutoka kitandani mpaka mlangoni anashika ukuta. Binti yangu ni fundi cherehani, anaondoka asubuhi na kurudi jioni, anamwachia mama yake uji na ndizi. Uji na ndizi! Halafu watu wanasema dawa inafanya damu iwe nyepesi. Damu nyepesi ni damu gani? Ni kama maziwa yaliyotiwa maji. Ng'ombe mwenye damu nyepesi tulikuwa tunamjua kabla hajaangushwa, anayumba.

Nimeamua.

8 Machi

Binti alipotoka tu nikaenda bucha, kijana wa pale nilimfundisha mimi kushika kisu, akanipa maini safi. Nikapita kwa muuza mboga nikachukua mafungu mawili ya mboga za majani, zile za kijani kibichi kinachokaribia weusi.

Bi Mkubwa kasikia sufuria, akaita kutoka chumbani, "Nani kaingia jikoni kwangu?"

"Mimi."

"Bora angekuwa mwizi. Angejua chumvi iko wapi."

Sikumuuliza chumvi iko wapi. Nimepika bila kuuliza mtu. Amekula sahani yote, ananitazama tu. Nikamwambia hii ni siri yetu, binti yako atatupigia kelele. Akasema, "Haya, Mzee."

10 Machi

Maini. Mboga mafungu mawili.

11 Machi

Mvua. Maini. Mboga.

12 Machi

Mboga mafungu matatu, yalikuwa mazuri.

14 Machi

Kipimo moja na nukta saba. Mpima kakunja uso, kaongeza dozi. Kaulizia daftari. Nimesema nimelisahau. Lilikuwa mfukoni mwa koti.

Siyo kwamba naogopa. Sipendi mtoto wa juzi anisomee mambo ya jikoni mwangu.

15 Machi

Mvua.

17 Machi

Bi Mkubwa leo kafika mpaka uani bila kushika ukuta. Nani kasema sijui damu?

21 Machi

Kipimo moja na nukta nne.

"Bibi, dawa unakunywa kila jioni?"

"Nakunywa, mwanangu."

"Babu, anakunywa?"

Nikamwambia mimi mwenyewe namhesabia, sijawahi kupoteza hesabu hata ya ng'ombe mia.

"Chakula je? Kuna kilichobadilika?"

"Kama kawaida," nikasema. Bi Mkubwa akatazama dirishani. Dozi imeongezwa tena.

Mpima kamwambia na binti yangu naye apimwe, maana huenda damu ya mama yake ina haraka ya kuganda tangu kuzaliwa. Dada yake Bi Mkubwa alianguka akiwa anaanika nguo, hakuamka, na hatukujua kilichomuua. Binti kanigeukia akauliza kama upande wangu kuna kitu hicho. Nikasema upande wangu damu inajua kazi yake.

24 Machi

Mvua kutwa. Muuza mboga kaniuliza, "Mzee Mapipa, umefuga sungura?" Nikamwambia nimefuga malkia.

28 Machi

Kipimo moja na nukta tano, dozi imeongezwa. Mashine yao imechoka. Mguu wa Bi Mkubwa jioni unajaa tena, soksi inaacha alama ya kuzunguka. Nimeongeza maini.

30 Machi

Mvua. Maini. Mboga.

1 Aprili

Mguu uko vile vile. Anasema hauumi. Usoni naona unauma.

4 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Kliniki umeme ulikatika, tukakaa kwenye mabenchi, mvua inapiga bati mpaka watu wanapayuka. Mpima akasimama katikati akasema kuliko kunung'unika bora awaeleze wagonjwa hii dawa inafanya nini. Kasema mtu akijikata, kwanza vinakuja vichembe vidogo kama visahani, vinajibandika kwenye tundu kuziba. Lakini peke yavyo havidumu, vitasukumwa. Ndipo damu inafuma wavu juu yake.

Mzee mmoja akauliza, "Wavu wa nini?"

"Wa nyuzi."

Sikuweza kuvumilia. Nikasema kwa sauti, "Nyuzi nazijua! Nimezizonga kwenye fimbo mapipa manne kwa siku!" Watu wote wakageuka. Mpima akanipa nafasi nikawaeleza, pipa, fimbo, kila kitu. Mama mmoja akaziba mdomo, lakini wengine wakapiga makofi. Bi Mkubwa akanikanyaga mguu kwa mguu wake mzima.

Mpima akaendelea, "Ndizo hizo hizo nyuzi za Babu. Sasa, ili zifumwe, ini linatengeneza vitu vingi vinavyoamshana. Huyu anamwamsha huyu, huyu anamwamsha yule, kama nyumba yenye watoto wengi asubuhi. Akikosekana mmoja, nyuzi hazifumwi. Wapo watoto wanaozaliwa mmoja hayupo, jino likitoka wanavuja damu siku mbili. Na wapo ambao nyumba yao inaamka kwa fujo bila sababu, damu inaganda pasipo jeraha. Hao ndio ninyi. Dawa hii inawalaza baadhi. Na kitu kinacholipatia ini nguvu ya kuwatengeneza na kuwaamsha ni vitamini iliyo kwenye mboga za kijani. Kadiri zilivyo kijani zaidi ndivyo ilivyo nyingi. Na maini nayo, msiyafanye chakula cha kila siku."

Nilikuwa naitazama sakafu, saruji ina ufa kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni, na mimi naufuata kwa macho.

"Sijakataza mboga," kasema. "Kuleni kidogo, na kila wiki kiasi kile kile, ili dozi iendane nacho. Mtu akila rundo wiki hii halafu wiki ijayo hana, mimi nitakuwa napima upepo."

Umeme ukarudi. Kipimo moja na nukta tisa. Mpima kaongeza dozi mara ya nne, kaniuliza tena, "Babu, daftari?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Benchi zima lilikuwa limetoka kunipigia makofi.

"Nimelisahau," nikasema.

5 Aprili

Mboga zote nimempa mbuzi wa jirani. Maini nimerudisha bucha. Kidogo kidogo ni mambo ya waoga. Mimi nikiacha kitu naacha. Sigara niliacha siku moja, saa nne asubuhi, pakiti ikiwa nusu. Kuanzia leo hatouona ukijani katika nyumba hii, na namba itakaa sawa yenyewe, na hakuna mtu atakayejua.

6 Aprili

"Mbona leo umeninyima mboga?"

"Hazipo sokoni. Mvua imeharibu."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Haya, Mzee."

8 Aprili

Ana alama nyeusi mkononi, kubwa kama kifuniko cha chupa. Anasema hajajigonga.

9 Aprili

Alama ya pili, begani. Alipopiga mswaki kinywa kilijaa damu. Nikamwambia anasugua kwa nguvu mno, nikamnunulia mswaki laini.

10 Aprili

Kesho kipimo. Kesho itajulikana.

11 Aprili

Mvua haijakatika toka juzi. Mto umefunika daraja, magari yamerudi. Hatukwenda. Binti yangu kapiga simu kliniki, haipokelewi. Na mimi, niseme ukweli, nilipoona maji juu ya daraja nilishusha pumzi.

12 Aprili

Mvua. Fizi bado zinatoa damu. Alama nyingine tatu.

13 Aprili

Naandika nikiwa hospitali, kwenye korido.

Asubuhi saa moja pua yake ilianza kutoka damu. Kitu kidogo hicho, nimeona pua elfu. Nikamkalisha, nikamwinamisha, nikambana pua. Nikamwambia binti alete beseni na asipige kelele. Nikasema dakika tano. Ikapita tano. Nikasema kumi. Damu inapita vidoleni mwangu kama bomba lililochakaa.

Nilichofanya kingine sijamwambia mtu. Beseni lilikuwa miguuni mwangu na damu ndani yake, kama vikombe viwili. Damu kwenye chombo inaganda haraka, mimi najua, ukimaliza tu kunoa kisu unakuta inatikisika kama ute wa yai. Nikaitazama. Nikaliinamisha beseni na kidole gumba cha mguu. Ikakimbilia upande. Nikangoja. Nikaliinamisha tena. Ikakimbia tena, nyekundu, laini, kama imetoka sasa hivi. Machinjioni nilikoroga ili damu isigande, na leo nilikuwa nimeitolea macho, naiambia kimoyomoyo, ganda. Ganda basi. Haikunisikia.

Binti akasema, "Baba, choo chake cha asubuhi kilikuwa cheusi kama lami. Alinikataza nisikwambie."



Maji darajani yalikuwa yamepungua. Jirani ana gari la kubebea mchanga, tukamlaza nyuma chini ya turubai. Bi Mkubwa kichwa chake mapajani kwangu, taulo usoni. Nilikuwa naongea njia nzima, sijui nilikuwa nasema nini. Akanishika mkono akasema, "Mzee, leo zamu yako ya kunyamaza."

Mashine ya hospitali imeshindwa kusoma namba. Daktari kasema imepanda kupita mahali mashine inapoishia. Wamemtundikia damu ya watu na dripu nyingine. Nikauliza hiyo nyingine ni nini. Nesi kasema ni vitamini, ile ile ya mboga za majani, ya kulipatia ini nguvu tena.



14 Aprili

Bado anavuja tumboni. Amelala, uso rangi ya majivu.

Daktari kamwita Mpima mpaka kitandani. "Dozi imepandishwa mara nne. Hukuuliza anakula nini?"

"Niliuliza, daktari. Kila wiki."

Binti yangu akamrukia, "Uliuliza nini wewe? Umetaka kumuua mama yangu!"

Mpima akanitazama mimi, hana hasira, anangoja tu, kama anavyongoja mashine itoe namba. Nikatoka nje. Nikasimama koridoni nikihesabu ndoo walizotega chini ya bati, zilikuwa sita. Nikarudi. Nikatoa daftari hili kwenye koti nikampa.

Alisoma akiwa amesimama. Kurasa zinalia moja moja.

"Babu. Mafungu mawili kwa siku?"

"Jumapili moja yalikuwa matatu."

"Na tarehe tano ukaacha yote, dozi ikiwa juu vile vile."

"Yote."

Akampa daktari daftari. Daktari akasoma, akamwambia Mpima samahani. Mpima akasema sawa na akaenda kumbadilishia Bi Mkubwa pamba za puani. Binti yangu hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alichukua kiti chake akakihamishia upande wa pili wa kitanda.

15 Aprili

Chupa ya tatu ya damu. Binti hasemi na mimi.

16 Aprili

Damu imepungua. Mpima kanirudishia daftari, kasema, "Endelea kuandika, lakini sasa nalisoma kila siku." Basi asome: nisamehe, mwanangu.

Mchana Bi Mkubwa kafungua macho. Binti alikuwa ameshamweleza yote. Nikaanza, "Bi Mkubwa, mimi..."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mambo ya mboga. Niliambiwa wodini siku ya kwanza, nile kidogo. Wewe ulikuwa unamweleza daktari habari za mapipa."

"Sasa mbona ulikula?"

Alifumba macho, nikadhani kalala. "Miaka arobaini na sita, Mzee. Ulishawahi kunipikia hata chai?"

Nikauliza jambo la kijinga, nikauliza kama yalikuwa matamu.

"Hayakuwa na chumvi," akasema.

Upande wa pili wa kitanda binti yangu aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia.

19 Aprili

Kutoka damu kumekoma. Kipimo moja na nukta mbili. Vidonge vimesimamishwa.

22 Aprili

Mguu unavimba upya.

25 Aprili

Umepita goti. Daktari kanieleza nje ya wodi: wakirudisha dawa sasa, tumbo linaweza kuvuja tena, kidonda cha ndani hakijafunga. Wasiporudisha, damu itaendelea kuganda mguuni na kipande kinaweza kupanda. Nikamuuliza, angekuwa mama yako ungechagua lipi?

"Ningeomba mtu mwingine achague," kasema.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa.

27 Aprili

Mvua ndogo. Binti kanisalimia.

28 Aprili

Wanangoja. Tunangoja.

3 Mei

Mvua imekatika, jua limeingia wodini mpaka chini ya vitanda. Mguu umefika pajani. Jana wameanza sindano za kuzuia damu kuganda, ndogo ndogo, chini ya ngozi ya tumbo, asubuhi na jioni, huku wanatazama choo kisigeuke rangi. Daktari kasema siku tatu nne zitatuambia. Hakusema zitatuambia nini.

Nikamuuliza mimi nifanye nini. Kasema hakuna. Nikamwambia mimi nimebeba ng'ombe nusu begani kutoka machinjioni mpaka sokoni, haiwezekani pasiwe na kitu. Akafikiri. Kasema mguu ukae juu, mto uliowekwa chini yake unateleza. Basi nimekaa mwisho wa kitanda, kisigino chake kiko mapajani kwangu. "Lakini usiukande," kasema, "wala usiubonyeze. Kipande kisije kikachomoka."

Niko hapa toka saa tatu. Ni mzito na wa moto. Kiganja changu kiko chini ya kifundo, nimekiacha wazi, vidole sijui niviweke wapi. Kila akipumua nasikiliza kama itafuata nyingine.

"Unabonyeza?"

"Sibonyezi."

"Umechoka?"

"Mimi? Sijachoka."

"Muongo. Kaa hivyo hivyo."

Nimekaa hivyo hivyo. Daftari liko juu ya godoro, naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana mistari imepinda.